Fundi Kimya, Bwana Afya na Jioni ya Fataki

Nimeyasikia yanayosemwa, na nimeyasikia kutoka kwa watu wanaokuja kwangu kunywa chai. Inasemwa kwamba mjane wa mpima ardhi alikatiza hotuba yake katikati, siku ya kufungua maktaba iliyopewa jina la mumewe, akatoka mbio kama mwizi wa kuku. Wapo wanaoongeza kwamba nilitoka kwa sababu kuna mzee alikuwa amenyoosha mkono, anataka kuuliza eneo la shule lilipimwaje na nani alikula nini. Wapo wenye huruma kidogo wanaosema shinikizo la damu lilinipanda. Na jirani wa geti la kijani, ambaye hata hakuwepo, anasema nilikuwa nanuka pombe.

Naanza na hilo la mipaka, maana linamgusa mtu ambaye hawezi tena kujibu. Eneo la shule ile lilipimwa na mpima mwingine, miaka tisa kabla mume wangu hajaajiriwa. Jiwe la mpaka lipo nyuma ya vyoo vya wavulana, limechongwa mwaka, anayetaka aende akasome. Mzee aliyenyoosha mkono alikuwa anaomba maji ya kunywa, na alipewa. Pombe sijaionja tangu nizaliwe. Shinikizo la damu ninalo, ila jioni ile lilikuwa limetulia kuliko mimi mwenyewe.

Niliondoka kwa sababu ya mbwa. Nimefundisha miaka thelathini na minne, kumi na moja kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na najua sentensi hiyo inavyosomeka. Lakini siwezi kumweleza mbwa bila kumweleza mwenye mbwa.

Mwenye mbwa ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, fundi cherehani. Mtaani wanamwita Fundi Kimya kwa sababu unaweza kumpelekea suruali, akakupima kiuno, akakukata kitambaa, akakushonea na kukukabidhi, na siku nzima usiambulie zaidi ya maneno sita. Wateja wengine huona ni kiburi. Siyo kiburi. Mdomo wake umejaa pini tangu utotoni, na mtu aliyezoea kubana pini kwa midomo hujifunza kusema yale tu ambayo hayawezi kusubiri.

Baba yao naye alikuwa fundi. Watoto wa kiume walikuwa wawili na cherehani ilikuwa moja, ile nyeusi ya kukanyaga yenye maua ya dhahabu ubavuni, ambayo leo maua yake yamefutika yote yamebaki majani mawili. Macho ya mzee yalipoanza kuingia ukungu, ilibidi mmoja wa watoto akae kwenye kiti chake. Mkubwa alikuwa wa kwanza darasani. Mdogo alikuwa wa tatu. Watu husikia habari hii wakadhani mdogo alikuwa mzito wa kichwa, na mimi nimeona daftari zake. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mume wangu, na hesabu zake zilikuwa safi. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wakamwekea mto kwenye kiti ili miguu ifike kwenye kikanyagio, akaanza kushona sare za shule alizokuwa yeye mwenyewe hazivai tena.

Kaka yake akaendelea. Akamaliza sekondari, akaenda chuo, akawa mpima ardhi, akanioa mimi. Nilipoingia kwenye nyumba ile kama bibi arusi nilimkuta shemeji kwenye chumba cha nyuma, ameinamia mashine, na alichofanya ni kunyanyua kichwa na kusema, "Karibu, shemeji. Gauni limekubana begani." Kesho yake likawa halibani. Aliwahi kuchumbia, ikavunjika, na hilo halihusiki hapa.

Mume wangu alifariki miaka sita iliyopita. Watoto wana kwao. Tumebaki wazee wawili katika nyumba ya vyumba vinne, yeye na kifua chake kinachokoroma na mimi na magoti yangu. Asubuhi naamshwa na sauti ya cherehani, usiku nalala ikiwa imenyamaza. Kazi zimepungua, maana watu wananunua nguo zilizokwishashonwa, naye siku hizi anabadilisha zipu na kupunguza pindo za suruali. Kuna siku hushona pazia moja tangu asubuhi hadi jioni kwa vile hakuna la pili linalomngoja. Nami hupika, hufua, humkumbusha dawa, huhesabu ngazi nikipanda na kuzihesabu tena nikishuka. Sisemi haya ili nihurumiwe. Nasema ili ieleweke kwamba ndani ya nyumba ile chenye kuruka na kufurahi kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa na miguu minne.

Mbwa alikuja ndani ya gunia. Shemeji hununua mabaki ya vitambaa kwa ajili ya kujazia mito, na miaka mitano iliyopita alipofungua gunia moja sakafuni, kikatoka kichwa cha kahawia kilichofungwa utepe wa bitana. Nilisema mbwa hakai nyumbani kwangu. Shemeji hakubishana, alisukuma tu kapu la vitambaa kwa mguu hadi chini ya cherehani, mtoto wa mbwa akalala humo, na mguu wa shemeji ukiwa unapanda na kushuka sentimita chache kutoka kwenye sikio lake. Akakulia hapo. Hadi leo, mashine ikianza, yeye hulala; ikisimama, hufumbua jicho moja kuuliza kulikoni.

Jina alipewa na binti yangu wa pili, muuguzi, ambaye ulimi wake hauna breki. Alimwona mbwa akipita jikoni akinusa sufuria moja baada ya nyingine, akiinua pua kana kwamba anaandika ripoti, akasema, "Baba mdogo, huyu siyo mbwa, huyu ni Bwana Afya amekuja kukagua." Jina likaganda.

Bwana Afya hana tatizo na mvua, wala radi, wala pikipiki zisizo na bomba. Tatizo lake ni fataki. Tuliligundua mwaka jana, kampuni moja ya simu ilipofungua ofisi barabara ya pili na kurusha fataki bila kumwambia mtu. Shemeji alikuwa ametoka kupeleka kazi kwa mteja. Mbwa alipasua wavu wa dirisha, akaruka ukuta ambao hadi leo sielewi aliurukaje, akakatiza uwanja wa watu akiwa haoni wala hasikii. Mke wa mfamasia, jirani yetu, alikuwa anaanua nguo. Mbwa hakumuuma, alimpita tu katikati ya miguu, naye akaanguka akavunjika kifundo cha mkono. Tulimkuta mbwa kesho yake ndani ya mtaro, nyayo zimechubuka, hajui hata jina lake.

Kamati ya mtaa ikaandika barua. Mwenyekiti ni karani mstaafu anayependa mihuri, kwa hiyo ilikuwa nayo miwili. Ilisema kwamba mbwa wa familia yetu akitoka tena nje ya ukuta kwa sababu yoyote ile atachukuliwa siku hiyo hiyo, achomwe sindano ya kumuua. Shemeji aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaikunja, akaiweka kwenye droo ya nyuzi, akakaa kwenye mashine bila kushona kitu. Usiku ule hakula.

Mwaka huu likaja tangazo jingine. Hoteli mpya ya ghorofa tisa, ile inayoonekana kutoka kibarazani kwangu, ingefunguliwa Jumamosi, na gari la matangazo likapita siku nne mfululizo likisema fataki ni saa mbili usiku, wote mnakaribishwa. Lakini habari za hoteli tulikuwa nazo mapema, mwezi mzima kabla, maana binti yangu alikuwa amezisikia kwa wagonjwa wake. Akasema hatuwezi kukaa tukisubiri. Akamleta daktari wa mifugo.

Daktari huyo ni dada wa umri mdogo mwenye buti za mpira, ambaye kazi yake kubwa ni ng'ombe na kuku. Alikaa chini sakafuni, akamwacha mbwa amnuse hadi achoke, ndipo akauliza maswali.

"Akitetemeka mnamkemea?"

Nilikiri kwamba mimi humkemea.

"Basi, mama, mlipuko ukilia anapata vitu viwili vya kuogopa, na cha pili ni wewe."

Binti yangu alicheka hadi ikabidi atoke nje. Daktari akaendelea kwa upole. Siku yenyewe mbwa atembezwe mchana hadi achoke, ale mapema, aende haja kabla giza halijaingia. Akae chumba cha ndani, dirisha lizibwe kwa godoro, taa iwake asione mimweko. Akitaka kujificha chini ya kitu aachwe ajifiche, asivutwe wala asikumbatiwe kwa nguvu. Mtu anayempenda akae naye, afanye shughuli zake kama kawaida. Dawa ya kumtuliza ipo, lakini moyo wa huyu aliusikiliza akasema angependelea tuiache iwe ya mwisho kabisa. Na kuwe na sauti moja anayoijua, isiyokatika, ya kumfunika. Nikasema redio. Shemeji akatikisa kichwa. Bwana Afya hubwekea wasoma habari.

"Sauti gani inampa usingizi?" daktari aliuliza.

Tulitazama tu pale chini ya cherehani, ambapo mgonjwa wetu alikuwa ameshalala kwenye kapu lake.

Tukaanza mazoezi. Kwa wiki tatu, kila jioni baada ya chakula, shemeji alikaa akakanyaga mashine, nami nikakaa kwenye kigoda nimeshika simu ya binti yangu yenye sauti za fataki. Mwanzo ilikuwa chini kiasi kwamba mimi sikusikia chochote, lakini masikio ya mbwa yalisimama. Kila mlipuko, shemeji alidondosha kipande cha ini lililokaushwa kutoka mfuko wa shati. Siku ya pili tukapandisha sauti unywele mmoja. Siku ya tano alitetemeka, tukarudi nyuma, tukaanza upya. Ilikuwa kazi ya kuchosha kuliko kufundisha darasa la kwanza kusoma. Nilikuwa nasinzia na simu mkononi, shemeji anakohoa, mashine inaenda bila kitambaa wala uzi. Wiki ya tatu sauti ilikuwa imejaa chumba kizima, na Bwana Afya, kila kikilia kishindo, alitazama mfuko wa shati badala ya kutazama mlango.

Tulikuwa tayari. Ndivyo tulivyodhani.

Sasa inabidi nieleze jambo la nyumba yetu ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Cherehani ya kukanyaga ina mkanda wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na lile la juu. Bila mkanda unaweza kukanyaga hadi kesho, sindano haitikisiki. Mume wangu alipokuwa mtoto wa miaka minne alipanda kwenye kiti cha baba yake, akakanyaga, sindano ikapita kwenye kidole. Kuanzia siku hiyo baba yao aliweka sheria: kazi ikiisha mkanda unatolewa, anakabidhiwa mama wa nyumba, yeye ndiye anayeufungia. Mama mkwe aliushika hadi alipofariki, mwaka ule ule nilioolewa, kisha ukaja kwangu. Hakuna mtoto mdogo nyumbani kwetu tangu miaka ishirini iliyopita. Sheria ilibaki. Kila jioni shemeji huufungua, huuviringa, hunipa bila neno, nami hupokea bila kutazama, kama mtu anavyopokea chenji.

Sasa Jumamosi ile ilikuwa pia siku ya maktaba. Shule niliyoiongoza ilikuwa imejenga chumba cha vitabu na kuamua kukipa jina la mume wangu, kwa sababu aliisaidia sana alipokuwa hai. Mimi nilitakiwa kusoma hotuba na kuvuta kitambaa kwenye kibao. Shughuli iliandikwa saa tisa alasiri. Nilijua ningerudi kabla ya saa moja, na fataki zilikuwa saa mbili. Binti yangu alimtembeza mbwa mchana kutwa, kisha akaenda zamu. Godoro lilikuwa dirishani tangu asubuhi. Shemeji alikuwa na zipu mbili tu. Alimaliza saa nane, akatoa mkanda, akauviringa, akanikuta mlangoni nimeshavaa, akanipa. Nikautia kwenye mkoba. Yeye hakufikiri, nami sikufikiri. Mkono ulifanya uliyoyafanya kwa miaka thelathini na moja.

Shughuli ya saa tisa ilianza saa kumi na moja. Wageni walichelewa, kipaza sauti kikakoroma, kwaya ikaimba nyimbo tatu badala ya moja. Nilisimama kusoma saa kumi na mbili na robo. Wingu zito lilikuwa limeanza kujikusanya nyuma ya hoteli, na watu wa hoteli, nilivyokuja kuambiwa baadaye, waliogopa mvua wakaamua kurusha mapema.

Hotuba yangu ilikuwa kurasa tatu. Nilikuwa ukurasa wa pili, kwenye sentensi inayosema kwamba marehemu alijisomesha mwenyewe kwa jasho lake, kishindo cha kwanza kilipolia. Watoto wakashangilia. Nikangoja, nikarudia sentensi. Kikalia cha pili, na cha tatu. Nikajiambia mambo yako sawa: shemeji yuko ndani, dirisha limezibwa, mbwa amechoka, mashine ipo. Nikaingiza mkono kwenye mkoba kutafuta leso, vidole vyangu vikagusa ngozi.

Nawaomba wanaozungumza wajiweke pale niliposimama. Mbele yangu wageni wa heshima, kibao chenye jina la mume wangu kimefunikwa kitambaa cha bluu, na mdomoni mwangu maneno kwamba alijisomesha mwenyewe. Mkononi mkanda. Kila senti ya karo ilipita juu ya mkanda ule, na aliyeukanyaga hakuwa yeye. Hatukuwahi kusema uongo huo kwa nia mbaya. Ndivyo tulivyozoea kusema, kwenye harusi, kwenye mazishi, kwenye fomu; ilipendeza masikioni na shemeji hakuwahi kulalamika. Kwenye kurasa zangu tatu, yeye hakutajwa hata mahali pamoja.

Nilitafuta mtu wa kumtuma. Lakini mbwa yule hampishi mgeni siku ya kawaida, sembuse siku ile, na barabara ilikuwa imefungwa na magari ya hoteli. Nikakunja karatasi. Nilisema kwenye kipaza sauti, kwa sauti yangu ya kawaida, "Samahani, nahitajika nyumbani." Hayo ndiyo maneno yote. Sikulia, sikuyumba, na wala sikukimbia. Mwanamke wa miaka sitini na sita mwenye magoti kama yangu hakimbii. Nilitembea upesi. Kisigino cha kiatu kilipong'oka kwenye mtaro wa sokoni nilivua vyote viwili nikavibeba, na hapo ndipo watu waliponiona peku. Juu yangu mbingu ilikuwa inapasuka rangi nyekundu na kijani, na kila mpasuko niliuhesabu kama anavyouhesabu mwenye nyumba ya mabati siku ya mvua ya mawe.

Getini nilimkuta mwenyekiti na wanaume wanne. Mmoja ameshika kamba.

"Mama mwalimu, tumekuja kwa ajili ya usalama wa mtaa tu," mwenyekiti alisema, macho yake miguuni mwangu.

"Hiyo kamba ni ya nini?"

"Ni ya tahadhari."

"Tahadhari isubiri nje ya geti."

Nikaingia, nikafunga komeo nyuma yangu.

Nilisikia mashine kabla sijafika chumbani, nikashangaa, maana ilikuwa inaenda. Lakini ilienda vibaya: taratibu, inakwama, inaanza tena. Shemeji alikuwa amepiga magoti kando yake, anazungusha gurudumu dogo la juu kwa mkono. Alikuwa amefanya hivyo tangu kishindo cha kwanza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeishiwa nguvu akahamia wa kushoto, na ule wa kushoto nao ulikuwa unachoka. Mlango ulikuwa umekwaruzwa rangi mpaka kwenye mbao, kucha moja ya mbwa ilikuwa inatoa damu. Bwana Afya alikuwa amejisokomeza chini ya mashine, nusu yake ndani ya kapu, ulimi nje, macho meupe. Kila gurudumu lilipokwama alinyanyuka kuelekea dirishani; likizunguka, alisita. Kilichomzuia asitoke kilikuwa mkono wa mzee wa miaka sitini na nane.

Shemeji hakuniuliza nilikuwa wapi. Alitazama mkoba.

Tuliuvisha mkanda. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, havikuweza kushika kishikizo cha waya kinachounganisha ncha mbili, kwa hiyo nilikifungua mimi kwa kibanio cha nywele, nikakibana kwa meno. Akajivuta kwenye kiti, akaweka mguu, akakanyaga mara mbili, mguu ukamkaza. Alishika paja akafumba macho. Fataki zikaanza kundi jingine, zile za mfululizo, na mbwa akanyanyuka.

"Pisha, shemeji," nilisema.

Katika miaka thelathini na moja sikuwahi kuigusa mashine ile. Nilikaa na gauni langu la sherehe, peku, nikakanyaga. Ikalia mlio wa ajabu.

"Unarudi nyuma," shemeji alisema akiwa sakafuni. "Sukuma gurudumu kwa mkono kwanza. Lije kwako. Halafu mguu ulifuate."

Nikasukuma, nikakanyaga. Ikashika. Nikaongeza kasi.

"Polepole. Hakuna anayekusahihisha."

Nikapunguza. Sauti ikatulia kwenye ule mwendo wake ninaoamshwa nao kila siku. Mbwa alisimama katikati ya chumba kwa muda ambao sikuweza kuupima. Kisha akarudi, akajilaza, akaweka kidevu juu ya mguu wangu. Sasa nilikuwa nakanyaga huku nainua kichwa cha mbwa kila mara, na kichwa cha mbwa yule kina uzito. Shemeji alinyoosha mkono, akaanza kudondosha vipande vya ini kila kishindo. Vitatu vya kwanza havikuguswa. Cha nne kilinuswa. Cha saba kililiwa.

Tuliendelea karibu dakika arobaini. Magoti yangu yaliwaka moto hadi nikaacha kuyasikia. Katikati yake shemeji aliuliza, "Ulimaliza kusoma?"

"Niliishia ukurasa wa pili. Pale panaposema alijisomesha mwenyewe."

Alipapasa mfuko wa shati. Nilidhani ameliacha.

"Kaka alisoma kweli," alisema baadaye. "Alisoma kwa bidii. Mimi nilikuwa namsikia usiku anakariri, nami nashona. Nilikuwa najifunza humo humo." Akadondosha kipande kingine. "Vile vipimo vya pembetatu ninavijua vyote."

Niliendelea kukanyaga.

Fataki ziliisha, mvua ikaanza, na Bwana Afya akawa anakoroma. Nilitoka nje nikishika ukuta. Mwenyekiti alikuwa bado yupo, amejikinga na gazeti. Wenzake walishaondoka na kamba yao. Alisema hakusikia hata mbweko, na kwamba angeliweka hilo kwenye kumbukumbu. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeleta msiba, kwamba hoteli imepewa kibali cha kurusha fataki kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Niliegemea geti. Nakumbuka niliwaza kitu kimoja tu, kwamba mwaka una miezi kumi na miwili.

Kamati ilikaa wiki iliyofuata. Barua haikufutwa, ila iliongezwa mstari: mbwa atabaki na wenyewe mradi siku hizo asitoke nje ya ukuta. Tumeshapita Jumamosi nne. Sheria ya mkanda imevunjwa. Unabaki kwenye mashine usiku na mchana. Shemeji hukanyaga hadi mguu ukaze, kisha mimi, kisha yeye. Binti yangu akiwa hana zamu hutusaidia, akilalamika kwamba amesomea uuguzi ili aje kumbembeleza Bwana Afya. Mbwa anazidi kuzoea. Sisi hatuzidi. Kesho yake huwa tunashinda tumelala kila mtu chumbani kwake kama waliotoka kulima.

Jumatatu baada ya sherehe, mwalimu mkuu wa sasa alikuja kwangu na kibao kikiwa bado kimefungwa ndani ya kitambaa chake. Ni kijana mwenye adabu, nilimfundisha mwenyewe. Alisema watu wanasema mengi, na kwamba kwa heshima ya marehemu angependa kutangaza kuwa nilizidiwa ghafla. Kila mtu angeelewa, shughuli ingerudiwa, na jina la familia lisingeguswa. Nilimwambia sikuzidiwa, na asitangaze hivyo. Akauliza basi awaambie nini, na kibao kiandikwe nini. Shemeji alikuwa dirishani anapunguza pindo la suruali, pini mdomoni, mbwa miguuni.

Nilimjibu mwalimu mkuu papo hapo, shemeji akisikia. Kibao kiko ukutani sasa, na kina majina mawili. Nilichosema, na alichosema shemeji baada ya kutoa zile pini mdomoni, kilisemwa ndani ya nyumba yangu. Hakimhusu jirani wa geti la kijani wala mtu mwingine yeyote. Sisemi zaidi.